Duara la matumizi limeniumbua
Jana usiku mwanangu wa darasa la sita kaniletea kazi ya grafu ya duara. Nikamwambia tutumie matumizi yetu ya mwezi, 600,000: chakula 240,000, kodi 150,000, nauli 90,000, umeme na maji 70,000, vocha 50,000.

Nikapiga asilimia harakaharaka, nikashika kipimapembe, nikaanza kukata vipande: chakula 40, kodi 25, nauli 15... Namaliza, zaidi ya nusu ya duara bado tupu! Dogo kacheka: "Baba, duara lina nyuzi 360, siyo 100."

Kumbe unagawa kiasi kwa jumla, halafu unazidisha kwa 360. Chakula kikawa nyuzi 144, kodi 90 (kona ya mraba kabisa, hata kipimapembe hakihitajiki), nauli 54, umeme na maji 42, vocha 30. Tukajumlisha, 360 kamili. Mskoti William Playfair alichapisha grafu za namna hii mwaka 1801, mimi ndiyo nazielewa leo.

Tukapaka rangi, likapendeza. Mama yake akapita, akakitazama kile kipande chekundu cha vocha, akauliza taratibu: "Hii yote unaongea na nani?"