Olset

Mwaka 2009 nimemaliza mtihani wa fom siksi mwezi wa pili, chuo mpaka Oktoba, na kwetu Lushoto kijana akionekana amekaa bure anapewa jembe, kwa hiyo niliposikia kuna wazungu wanajenga darasa kwenye shule moja ya msingi huko juu ya mji na wanatafuta mtu wa kuwatafsiria, mbona nilikimbia. Mwenye mradi alikua injinia mstaafu wa Uingereza, mzee mrefu mpole ila anaongea harakaharaka. Upande wetu fundi mkuu alikua mzee wa Kisambaa ambaye wote tulimwita Babu, na Kiingereza chake kilikua yes, no na sementi.

Siku za mwanzo hakukua na shida, maana kuseti msingi ni kuseti msingi, mafundi wote wanalijua hilo neno. Babu alivuta kamba zake, akapima futi 3 huku, 4 kule, mshazari ukatoka 5, kona imenyooka, yule mzungu akatikisa kichwa kwa furaha kwamba kumbe hesabu ni ileile ya kwao.

Shida ilikuja siku ya kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege.

Siku hiyo watu wengi, karai zinapita mkono kwa mkono, Simba sementi imepangwa pembeni imefunikwa turubai, afu ni Julai, baridi ya Usambara si mnaijua. Injinia kila akifungua mdomo anasema set. Set that down here, nikasema tua hapa. Set the board, nikasema simamisha ubao. Set the string at this mark, funga kamba hapo kwenye alama. Set aside three bags, tenga mifuko mitatu. Akataka vijana wawili wawe wa maji tu, nako akasema set two boys on the water, hapo nikasema wewe na wewe nendeni kwenye maji. Yaani neno moja, na mimi kila mara natoa kitenzi kingine, mpaka Babu akaanza kuniangalia vibaya kama karani anayeiba kwenye hesabu. Akaniuliza, "We mwanangu, unatafsiri au unatunga? Huyu mzee mbona anasema kitu kimoja?"

Sasa kulikua na saidia fundi mmoja, rika langu, kichwa chepesi ile mbaya, hakusoma sana ila masikio yake yalikua yanaokota kila kitu. Yeye hakuningoja mimi. Alimwona injinia tangu mchana anazunguka lile jamvi, anabonyeza pembeni kwa kidole, anasema not set, not set yet, akajumlisha mwenyewe: set maana yake zege limeshika. Na hajakosea! Ndo maana yake kabisa pale. Kitabuni saruji ya kawaida inaanza kushika dakika 45 au zaidi baada ya kuguswa na maji, lakini hiyo ni ya maabara yenye joto lake, kule kwetu na ukungu ule zege linachelewa, saa zinapita bado laini.

Jioni ukungu umeshuka, gari la kuteremsha watu mjini limewashwa, injinia anapangusa mikono, akapaza sauti kwa wenzake: "All set?" Mwenzake kwenye gari akajibu, "All set!" Alikua anauliza kama wako tayari kuondoka, basi.

Yule jamaa sweta lake lilikua limetundikwa kwenye nondo upande wa pili. Akasikia olset. Akakatiza.

Buti moja, buti la pili, la tatu likazama akasimama katikati na mguu mmoja juu. Babu alitoa maneno ya Kisambaa ambayo mimi kama mkalimani sikuyatafsiri na sitayatafsiri hapa. Jamaa kule katikati anajitetea, "Si kasema limeshika lote!"

Injinia nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini kwenye tofali. Babu hakucheka. Alilaza ubao, akapiga magoti juu yake na mwiko wake, akaziba mashimo yote polepole giza linaingia, gari linasubiri.

Tukaishia kwenye moto na chai. Injinia akatueleza kwamba ile kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, mijalada 20, neno lenye maelezo marefu kuliko yote ni hilohilo set, kama kitenzi tu lina maana 430. Nikatafsiri. Babu akakoroga chai akauliza, "Sasa na utajiri wote ule wameshindwa kuongeza neno lingine?"

Hapo mzungu naye akatoa la moyoni. Akasema kitabu chake cha Kiswahili kinasema piga maana yake ni kugonga mtu, na tangu afike anamsikia Babu anasema piga asubuhi mpaka jioni, siku za kwanza alidhani anaagiza watu wachapwe. Tulicheka jamani. Piga tofali, piga lipu, piga rangi, piga msasa, piga simu, piga pasi, piga kura, yule jamaa wa buti naye akachomekea piga mzinga na piga chabo, injinia anaandika yote kwenye kijitabu. Babu akakataa kata kata kwamba ni maneno mengi, piga ni piga tu, mkono unakwenda kitu kinatokea. Nikamuuliza, na piga chafya? Akaomba chai nyingine.

Miaka ya baadaye nilisoma kwamba kiti cha set kimeshachukuliwa na run, yule mhariri wa Oxford, Peter Gilliver, alipolifanyia kazi alifikisha maana 645 za kitenzi, ilimla miezi tisa. Nikasoma pia kwamba set asili yake ni kufanya kitu kikae, yaani ketisha, nikamkumbuka Babu alivokua akiwafokea vijana "kalisha tofali!" maana Mwingereza pale angesema set tu. Na ile seti ya vikombe ni ukoo mwingine kabisa, imetokea Kilatini kupitia Kifaransa, imefanana tu jina.

Jamaa ndo akawa Olset kuanzia kesho yake, mpaka mama yake akaanza kumuita hivo. Asubuhi tulimwagilia jamvi, tukalifunika magunia, afu ikaja habari ya malipo. Babu alitaka jamaa akatwe nusu siku. Injinia akagoma, akasema kosa si la kijana, kosa ni la lugha.

Babu akanigeukia. "Mwambie lugha haivai buti."