Karatasi ya Jumamosi

Mwaka 2018 nilikuwa na miezi minne tu tangu niajiriwe mfamasia katika hospitali moja ya mkoa, na kazi niliijua kuwa dirishani: pokea cheti, hesabu vidonge, ita mwingine. Jumanne moja mfamasia mkuu akanituma wodi ya wazazi nikaangalie kwa nini seftriaksoni, sindano ya kuua bakteria, inaisha kabla ya mwezi kwisha.

Jibu lilikuwa kwenye mafaili. Karibu kila kitanda: seftriaksoni na metronidazo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaiweka seftriaksoni kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini, lakini kwetu iliandikwa kama panadoli.

Kitanda cha pembeni alilala dada aliyejifungua kwa upasuaji. Siku ya 11, kidonda kinatoa usaha, homa inapanda kila jioni. Mama yake akanishika mkono. "Mwanangu, hizi sindano za masaa mbona hazimsaidii?" Nikapekua faili. Usaha ulipelekwa maabara kuoteshwa, ili mdudu ajulikane, Jumatano iliyopita, majibu hayamo.

Nikashuka maabara. Yule kijana wa zamu hakuhangaika kutafuta. Akavuta droo, karatasi hiyo. Ya Jumamosi. Klebsiella, aina ya bakteria. Mbele ya kila dawa herufi moja: S kama inamuua mdudu, R kama mdudu anaigomea. Seftriaksoni, R. Amikasini, S. "Hakuna aliyekuja kuichukua," akasema. Na mimi, kusema kweli, ndiyo kwanza nilikuwa nakanyaga pale.

Daktari aliisoma amesimama. "Siku hizi wafamasia nao wanatibu?" Manesi wakacheka. Niliona aibu, lakini sikuondoka. Nikamwomba tupime figo kwanza, maana amikasini inaweza kuziumiza, na dozi nitaikokotoa kwa kilo za mgonjwa. Akanyamaza kidogo, kisha akaikata seftriaksoni kwa mstari mmoja.

Siku ya tatu homa ilishuka, haikupanda tena.

Mama mtu akaja dirishani na mfuko wa rambo. Ndani vichupa vitupu: siku ambazo stoo yetu ilikauka, alikuwa akinunua duka la nje. Saba, amevitunza vyote.

"Hizi ndizo zilizokuwa hazifanyi kazi?"

"Ndizo, mama."

Akavipanga mbele yangu kimoja kimoja, kama mtu anayedai chenji yake.