Mzigo Upo Njiani

Desemba 2021 nilikuwa na oda ya sare 40 za shule, na sina ovaloki, ile mashine ya kupiga pindo. Kila jioni nafunga nguo kwenye khanga, nazipeleka mtaa wa pili kwa mama mmoja anipigie pindo, shilingi 300 kila moja. Faida yangu yote ilikuwa inaishia mlangoni kwake.

Ndipo nikaiona Instagram: ovaloki ya nyuzi nne, mtumba wa Japani, 380,000, mikoani tunatuma. Komenti zimefungwa. Leo ningeshtuka, siku ile nilichoona ni mashine tu. Nikapiga, akapokea dada mwenye sauti ya upole, kila sentensi "dada'angu". Zimebaki mbili, dada'angu.

Wakati wa kulipa, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamume. Nikamuuliza. "Mume wangu huyo, ndiye anashika hesabu." Nikamwomba radhi kwa kuuliza, nikaweka namba ya siri.

Kesho yake akanitumia picha ya risiti ya basi: jina langu kwa kalamu ya bluu, Dar hadi Singida, mzigo mmoja. Saa kumi jioni niko stendi ya Misuna. Konda akafungua buti. Magodoro, ndoo za rangi, maboksi ya vipuri. Ovaloki hakuna. Akachukua simu yangu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili.

"Mama, risiti hii ya mwezi wa nane."

Nami nikaona. Chini ya jina langu palikuwa pamefutwa jina la mtu mwingine, pamebaki mkia wa herufi. Jina langu halina herufi yenye mkia.

Nilimwandikia pale pale. Akajibu upesi kweli: mzigo umezuiwa mizani ya Vigwaza, nitume 45,000 ya ushuru. Na mimi, nakiri, nilishaanza kuangalia salio. Konda alicheka mpaka akashika mlango wa basi. "Mizani inapima gari, mama, haipimi cherehani!"

Nilipomwambia dada kwamba nipo na konda, picha yake ikatoweka. Simu haipokelewi, baadaye haipatikani kabisa.

Polisi walinipa RB, namba ya taarifa yangu. Afande aliniuliza kama ningemtambua nikimwona. Nikamwambia naitambua sauti tu, akaandika. Kwenye duka la mtandao wa simu nikaambiwa hela ilitolewa kwa wakala muda mfupi baada ya kuingia. Namba yake niliituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, kama wanavyotutangazia. Basi.

Usiku nikawa nasoma upya meseji zetu. Sikuwa natafuta ushahidi, nilikuwa najichoma tu. Nikahesabu "asante" zangu: 11. "Mungu akubariki" mbili, moja nimeituma baada ya hela kuondoka. Laki tatu na themanini nilikuja kuzirudisha kwa kushona. Zile asante ndizo zilizoniuma mpaka sasa.

Kesho yake jioni nikafunga nguo kwenye khanga, nikaenda mtaa wa pili. Nilishamtambia yule mama kuwa nanunua mashine yangu.

"Haijafika tu?"

"Ipo njiani."

Hakuniangalia. Akafungua khanga, akahesabu sketi moja moja, 12.

"Elfu tatu na mia sita," akasema.