Kuhifadhi kanda za taarab ya Mombasa: tulipofika

Sanduku la kwanza limesafishwa, na kanda zake zimeingia kwenye kompyuta isipokuwa zile zenye ukungu. Ndani mna waimbaji Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh, Matano Juma, Maulidi Juma na Malika. Nyingi ni nakala za dukani, chache ni za harusini, zilizorekodiwa kwa redio kaseti iliyowekwa karibu na spika. Hizo za harusini ndizo mbovu kuliko zote, na ndizo zinazostahili kuhangaikiwa kwanza. Santuri ndogo ilimbana mwimbaji kwa dakika tatu nne kila upande. Harusini wimbo ule ule unakwenda na beti zake zote, na mshororo uliopendwa unarudiwa mpaka watu wachoke kutunza.

Kazi inayokula muda ni kurekebisha pembe ya hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma utepe. Kila redio kaseti ilirekodi kwa pembe yake, na deki yako ikisoma kwa pembe nyingine, sauti za juu zinapotea. Kinachokufa mwanzo ni mlio wa tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, halafu herufi kama s na f mdomoni mwa mwimbaji. Kwa taarab hiyo ni hasara kubwa, maana maneno ndiyo wimbo wenyewe.

Hedi ya deki imeshikwa na skrubu mbili. Ile yenye springi chini yake ndiyo ya kuzungusha. Kiwandani huifunga kwa tone la rangi kama ya kucha, basi likwangue kwanza. Tafuta sehemu yenye makofi au tashkota, unganisha sauti ya kushoto na ya kulia ziwe moja (mono), kisha zungusha bisibisi polepole sana, huku na huku, mpaka makofi yasikike makali. Robo ya mzunguko kwa kawaida inatosha. Ikiwa unazungusha zaidi ya hapo na bado sauti imeziba, safisha hedi kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, maana huenda ni uchafu tu. Fanya hivi kwa kila kanda, na upande B usiuamini kwa sababu upande A ulikuwa sawa. Wengi huruka hatua hii wakidhani watarekebisha baadaye kwenye programu. Sauti ambayo hedi haikuisoma hairudi. Ukiongeza treble unaongeza kelele za kanda basi. Dolby, ule mfumo wa deki wa kupunguza kelele za kanda, izimwe. Kanda hizi ni za aina ya kawaida na karibu zote zilirekodiwa bila Dolby.

Kasi ya kaseti ni sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini mashine za nyumbani hazikuiheshimu. Hapa mngurumo wa umeme, ambao kila mtu ana haraka ya kuufuta, ni msaada mkubwa. Umeme wa Kenya ni hezi 50. Mashine ikirekodi huku imechomekwa ukutani, mngurumo huo huingia kwenye kanda. Fungua spektra, yaani picha ya masafa ya sauti, kwenye programu ya Audacity, tazama kwenye hezi 50, 100 na 150. Ukikuta 51.5 badala ya 50, kanda yako inakwenda kasi kwa asilimia 3. Ipunguze kwa uwiano wa 50 kwa 51.5. Asilimia 6 ni karibu nusu toni, yaani Bhalo anageuka kuwa mtu mwingine. Ukikuta 50 kamili usifurahi upesi: simamisha kanda usikilize. Mngurumo ukibaki, huo ni wa deki yako. Kupima kwa kinanda cha mkono hakusaidii, kwa sababu kila kinanda kilikuwa na sauti zake.

Kuna kanda ambazo sauti inapanda kidogo kidogo hadi mwisho. Hizo zilirekodiwa kwa betri. Betri zilipoisha nguvu mota ikapunguza mwendo, na ukicheza leo kwa mwendo wa kawaida mwimbaji anazidi kuwa mwembamba. Hazina mngurumo wa kupimia. Hurekebishwa kipande kwa kipande, kwa sikio.

Vifaa vinavyoisha haraka ni maganda matupu ya kaseti yenye skrubu tano. Joto la Pwani hukausha gundi, na kile kipande cha sponji kinachobana utepe kwenye hedi hudondoka. Sauti inakuja na kuondoka kama inayopeperushwa na upepo. Ni rahisi kuhamishia utepe kwenye ganda jipya kuliko kubandika sponji. Kaseti isiyo na skrubu hupasuliwa kwa wembe kwenye mshono. Utepe uliokatika usiungwe kwa selotepu ya dukani: gundi yake hutoka pembeni ikaganda kwenye mzunguko wa juu yake. Kanda za dakika 120 ni nyembamba mno, kama mikroni 9, wakati za dakika 60 ni zaidi ya 16. Hizo nyembamba usizirudishe nyuma kwa kasi. Zenye unga mweupe ukingoni zimetengwa kwenye mfuko na silika ya kufyonza unyevu, na haziingii kwenye deki mpaka zikauke na kupanguswa, la sivyo ukungu unahamia kwa zote.

Tunarekodi WAV ya hezi 96,000 na biti 24. Dakika 60 za stereo hula kama gigabaiti 2, na nakala zinakaa sehemu tatu, moja nje ya kisiwa.

Orodha ya majina imeleta shida kuliko mashine. Sanduku lina Juma Bhalo, Matano Juma na Maulidi Juma, na mwenye kanda aliandika “Juma” akaishia hapo. Bhalo huandikwa pia Balo. Malika ni Asha Abdo Suleiman. Kwa kanda isiyo na maandishi tunaanza na ala: udi ukiongoza, jaribu kwanza Zein, aliyezaliwa Lamu 1939, kinanda cha mkono na tabla juu ya sauti za Kihindi, jaribu Bhalo, tashkota inayokwenda mbio, Zuhura. Ni dalili tu. Jina haliingii kwenye orodha mpaka wasikilizaji wawili wazee wakubaliane bila kusikizana.

Mtunzi ana safu yake, mbali na mwimbaji, nayo haiachwi wazi kwa uvivu. Maneno mengi aliyoimba Bhalo ni ya binamu yake, Ahmad Nassir, malenga wa Mvita, na lebo hazikumtaja. Orodha nyingi za mtandaoni zinarudia kosa hilo hilo. Pia hatukati mwanzo wa kanda hata ukiwa ni kelele za viti: hapo ndipo mtu hutaja arusi ya nani, mtaa gani.

Kuweka hadharani ni suala jingine. Sheria ya Kenya hulinda utunzi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Zein alifariki 2016, basi tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2066. Na kanda za ndani, zenye sauti za wanawake waliojua wako peke yao, hazitoki bila ruhusa ya wenye arusi, sheria iseme itakavyo. Za kujibizana zinazotaja watu wa mtaani zimefungiwa pia.

Sanduku linalofuata ni la santuri: za mizunguko 45 kwa dakika za Mzuri, lebo ya Assanand & Sons, na chache za mizunguko 78. Zile za 78 ni za shelaki, na spiriti huiyeyusha, hivyo zitaoshwa kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone la sabuni laini. Sindano ya mikroni 76 bado inatafutwa. Ile ya 25 ya kuchezea 45 hugusa chini ya mfereji wa 78 na kuleta kelele tupu.