Siku Moja Nyuma ya Kaunta: Chenji ya Mteja

Saa 12 asubuhi nilifungua duka langu la rejareja hapa Mbagala, Dar es Salaam, na kabla ya kuuza chochote nilitafuta chenji. Kondakta mmoja wa daladala alinipa sarafu za shilingi 20,000, akachukua noti. Ninazothamini zaidi ni sarafu za 500, zilizochukua nafasi ya noti mwaka 2014.

Saa 2 mama mmoja alichukua sukari, unga na mafuta, jumla 7,650, akatoa noti ya 10,000. Katika hali hiyo sianzi kutoa kichwani, bali naanzia kwenye bei na kupanda, nikimwekea fedha mkononi huku nikitamka: hamsini, elfu saba na mia saba, mia, elfu saba na mia nane, mia mbili, elfu nane, elfu mbili, elfu kumi. Kwa njia hiyo mteja huhesabu pamoja nami, na kosa huonekana hapo hapo.

Saa 5 alikuja mtoto aliyetumwa vitu vya 1,200, mkononi ana 5,000.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Mia mbili unayo?”

Alikuwa nayo, nami nikamrudishia 4,000 kamili, nikazifunga kwenye karatasi ili zisimponyoke njiani. Wapo wauzaji wanaompa mtoto pipi badala ya mia aliyodai. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mia ile ni ya mama yake, na hakumtuma pipi.

Saa 8 mchana wateja walisongamana, na simu ikaita nikiwa namhudumia mzee jirani yetu aliyenunua vitu vya 3,300. Kwa kawaida noti ya mteja hubaki juu ya kaunta mpaka chenji ihesabiwe, lakini safari hiyo niliitia kwenye droo kwanza, kisha nikampa 1,700.

Saa 3 usiku, nilipofunga hesabu, droo ilizidi 5,000. Nilipitia daftari la mauzo mstari kwa mstari hadi nikafika kwa yule mzee, nikakumbuka wekundu wa noti aliyonipa: ilikuwa ya 10,000, na haki yake ilikuwa 6,700. Nilifunga duka, nikaenda kumbishia hodi.

“Mzee, shikamoo. Nimekuletea elfu tano yako.”