Kuifuata Bia Nyeusi Hadi Dublin

Katika baa nyingi za Nairobi, ukiagiza Guinness, mhudumu hukuuliza swali moja kabla ya kuleta chupa: "Baridi au moto?" Ya moto ni ile iliyokaa kwenye kreti bila kuingia friji. Nilikuwa nimefika jijini jioni hiyo kwa basi kutoka Moshi kupitia Namanga, nikiwa na usiku mmoja tu kabla ya kupanda ndege, na nikajibu kama alivyokuwa akijibu marehemu baba kila alipovuka mpaka: moto. Meza ya pili walikaa wazee wawili walioagiza vivyo hivyo, na mmoja wao aliichanganya yake na Coca-Cola nusu kwa nusu, mtindo ambao ni wa kawaida sana nchini Kenya ingawa mimi sijawahi kuupenda, kwa sababu sukari ya soda huuzika uchungu ambao ndio uhai wa bia yenyewe. Nilimaliza yangu taratibu, nikanunua nyingine mbili za kubeba, nikazifunga kwa kitenge na kuzilaza katikati ya nguo ndani ya begi kubwa.

Nilikuwa nakwenda Dublin kumtembelea mtoto wa dada yangu, ambaye yuko huko masomoni. Hata hivyo nilikuwa na shauku nyingine niliyoitunza kwa miaka mingi. Tangu ujana wangu nimekunywa bia hii nikiamini kwamba chupa yetu ya Afrika Mashariki ni nakala, na kwamba asili yake, iliyo nzito na kali kuliko tuliyoizoea, iko Ireland mahali ilipoanzia. Nilitaka kuionja hiyo asili kwa ulimi wangu na kuilinganisha na ya kwetu, zikiwa zote mbili mezani.

Ya angani hayana mengi ya kusimulia. Tulibadilisha ndege Amsterdam alfajiri na kufika Dublin kabla ya adhuhuri, mvua nyepesi ikinyesha. Mpwa wangu alinipokea uwanjani, akaniamkia, "Shikamoo, Mjomba," nami nikaitikia, "Marahaba, mama." Tulipofungua begi nyumbani kwake tulikuta chupa moja imepasuka shingoni na kitenge kimelowa chote. Nilikuwa nimeifunga vibaya, na niliumia moyoni, kwa kuwa sasa nilibakiwa na chupa moja tu ya kufanyia jaribio lote nililolisafiria.

"Kwani Mjomba umetoa bia Nairobi ukaileta Dublin?" aliniuliza.

"Nimeileta ionjwe kwao," nilimjibu, akaichukua kwa mikono miwili na kuisimamisha juu ya kabati, mbali na dirisha.

Kesho yake nilipanda tramu ya njia nyekundu hadi kituo cha James's, nikatembea kuelekea kiwandani. Mtaa ule unaitwa The Liberties, na upepo ukivuma kutoka upande wa kiwanda, harufu ya shayiri inayokaangwa hujaa barabara nzima. Mimi nimekulia kwenye migomba na mibuni, na mara moja niliikumbuka siku ambayo bibi alikuwa akikaanga kahawa kwenye chungu, zile dakika za mwisho kabla hajaiepua, buni zinapoanza kutoa moshi na mafuta.

Kabla ya kuingia kiwandani niliingia kwanza kwenye baa moja ya jirani na kuagiza painti, yaani glasi kubwa ya bia ya bomba. Mhudumu wa kaunta aliinamisha glasi chini ya bomba, akaijaza hadi robo tatu, kisha akaiweka na kuondoka kwenda kumhudumia mtu mwingine. Glasi ilibaki pale ikitulia kwa karibu dakika mbili. Nilisogeza uso karibu nayo: mawimbi ya rangi ya maziwa ya chai yalikuwa yakishuka pembeni mwa glasi, ilhali kwa akili ya kawaida mapovu hupanda. Kwa kweli yanapanda, lakini hupanda katikati, na mkondo wake husukuma bia ya pembeni iteremke pamoja na mapovu madogo yaliyomo. Giza lilipokwisha kuenea kutoka chini hadi juu, mhudumu alirudi, akajazia, akanipa.

Nilikunywa nusu yake nikiwa kimya. Povu lake lilikuwa zito kama maziwa ya mgando, kinywaji chenyewe kikiwa baridi na laini, chenye ladha ya kahawa nyepesi na uchungu mdogo unaopita upesi. Ni bia nzuri, na nisingemzuia mtu yeyote kuinywa. Lakini kilevi chake ni asilimia 4.2 tu, chini hata ya bia nyingi nyepesi tunazouziwa nyumbani, na ule ukali ulionifanya nisafiri sikuupata hata kidogo. Nilijiuliza: kama hii ndiyo asili, zile chupa za kwetu zenye asilimia 6.5 zilitoka wapi.

Jibu nililipata katika jengo la Guinness Storehouse. Ni jengo la mwaka 1904 lililojengwa kwa ajili ya kuchachushia bia, na tangu mwaka 2000 limekuwa mahali pa wageni, lenye ghorofa saba zinazozunguka uwazi mkubwa wenye umbo la glasi ya painti. Chini kabisa, sakafuni, chini ya kioo, upo mkataba wa pango ambao Arthur Guinness aliutia saini tarehe 31 Desemba 1759: miaka 9,000 kwa pauni 45 kwa mwaka. Wageni walikuwa wakipiga picha hapo, nami nikapiga yangu, ila kilichonishika ni habari za mwaka 1801.

Mwaka huo kiwanda kiliandika kanuni ya bia kwa ajili ya soko la Karibiani, nayo ikaitwa West India Porter. Safari ya meli ilichukua wiki nyingi katika joto, na bia ya kawaida ingefika imeharibika, kwa hiyo waliiongezea hopsi, maua machungu ya kutilia bia, ambayo uchungu wake huzuia bakteria, na wakaiongezea kilevi. Bia hiyo ndiyo iliyozaa Foreign Extra Stout, ile ambayo baadaye ilianza kutengenezwa Ikeja karibu na Lagos mwaka 1962, na ambayo ndiyo hiyo hiyo tunayoulizwa Nairobi kama tunaitaka baridi au moto. Viwanda vya nje hupokea kutoka Dublin dondoo nene jeusi la bia, kisha hulichanganya na bia wanayoitengeneza wenyewe, mara nyingine kwa mtama na mahindi badala ya shayiri pekee. Ile painti laini niliyokunywa asubuhi, kwa upande wake, ni ya mwaka 1959, pale mtaalamu wa hesabu aitwaye Michael Ash alipofanikiwa kuitia naitrojeni pamoja na kabonidioksaidi. Naitrojeni haiyeyuki kwa urahisi ndani ya bia, hivyo hutoka kwa mapovu madogo sana, na ndiyo yanayoleta lile povu la mgando.

Nilisimama pale nikihesabu. Kutoka 1801 hadi 1959 ni miaka 158. Mimi niliyekuja kutafuta mzazi wa chupa yetu nilikuwa nimempita njiani: chupa yetu inatoka katika ukoo mkongwe zaidi, na painti ya Dublin ndiyo mdogo wake. Nafundisha hesabu sekondari, na nilifurahi pia kukumbuka kwamba kiwanda hiki ndicho kilichomwajiri William Sealy Gosset, ambaye mwaka 1908 alichapisha kwa jina la Student ile mbinu ya takwimu ya kupima sampuli ndogo ambayo wanafunzi wa vyuo hutokwa nayo jasho hadi leo. Aliihitaji kwa kazi ya shayiri na bia.

Nikapanda ghorofa kwa ghorofa. Kwenye sehemu ya ukaangaji wanaeleza kwamba shayiri hukaangwa hadi nyuzi 232 za Selsiasi, na kwamba ikizidi kidogo huungua. Mashine ya pipa linalozunguka, ambayo Daniel Wheeler aliipatia hataza huko Uingereza mwaka 1817, ndiyo iliyowawezesha watengenezaji wa bia kupata kimea cheusi kweli kweli. Kabla ya hapo walitegemea kimea cha kahawia. Juu kabisa, kwenye baa ya vioo, niliona milima ya Wicklow yanakotoka maji ya kiwanda, na nilikaa hapo muda mrefu kuliko wageni wengi.

Ilibaki kuipata chupa. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na sheria ya Ireland hairuhusu maduka kuuza pombe siku hiyo kabla ya saa sita na nusu mchana, kwa hiyo mimi na mpwa wangu tulisubiri mlangoni pa duka mtaani kwake hadi muda ukatimia. Nilinunua chupa nne ndogo za Foreign Extra zenye asilimia 7.5. Njiani nilitoa sarafu ya euro ya Ireland, nikailaza juu ya lebo: vyote vina kinubi, lakini kimoja kimegeukia kulia na kingine kushoto, kwa sababu kampuni ilikisajili chake tangu karne ya 19 na taifa lilipotaka nembo likalazimika kukigeuza.

Jaribio tulilifanya jioni kwenye meza ya jikoni, bila friji, kwa glasi mbili zinazofanana. Mpwa wangu hanywi pombe, ila alikubali kunusa.

Nilianza na macho. Zote mbili ni nyeusi hadi uziinue mbele ya taa, ndipo ukingo wake unapogeuka mwekundu kama juisi ya rosela. Povu lake ni la rangi ya karanga, tofauti kabisa na weupe wa painti, na la Nairobi liliisha mapema. Kwa harufu, chupa ya Dublin ilitoa kahawa iliyokaangwa sana, sukari guru, zabibu kavu, na kitu ambacho mpwa wangu alikitaja kabla yangu.

"Ukoko, Mjomba. Ukoko wa wali ulioshika chini ya sufuria."

Ilikuwa kweli. Sijapata neno bora zaidi.

Kinywani ilianza na utamu mzito usiodumu, uchungu wa shayiri ukaufuata, halafu uchungu wa pili, mkavu, wa hopsi, uliokaa nyuma ya ulimi muda mrefu. Katikati ya uchungu huo kuna uchachu mdogo unaousafisha mdomo ili utake funda jingine; zamani uchachu huo ulitokana na kuchanganya bia mpya na bia iliyolazwa kwenye mapipa makubwa ya mbao kwa miezi mingi. Mwisho huja ukakasi kwenye fizi, kama wa chai ya rangi iliyokolea, na joto la kilevi linaloshuka kifuani pasipo kuunguza koo. Ile ya Nairobi ilifuata njia hiyo hiyo kwa hatua nyepesi zaidi: gesi yake ni nyingi, uchachu wake hutangulia, na uchungu wa hopsi hukatika mapema. Nikisahihisha kama mwalimu, ya Dublin ningeipa 88 kwa 100 na ya Nairobi 79, na hizo ni alama za ndugu wawili, wala hakuna aliyefeli. Painti ya bomba sikuipa alama, kwa kuwa ni somo jingine.

Kisha niliiweka chupa moja ya Dublin kwenye friji kwa saa mbili, nikaionja tena. Zabibu zilitoweka, ukoko ukafifia, ukabaki uchungu na gesi. Waliokuwa wakiagiza ya moto, akiwemo baba, walijua walichokuwa wakifanya. Siku mbili baadaye nilimsikia mzee wa Kiairishi kwenye baa akiagiza chupa kubwa ya Guinness "kutoka rafuni," yaani isiyopitia friji, na nilipomuuliza aliniambia kwamba wenzake wa rika lake wote hufanya hivyo. Nilimweleza habari za Nairobi, akanishika mkono na hakuuachia upesi.

Chupa moja iliyobaki niliirudisha nyumbani, safari hii nikiwa nimeifunga vizuri zaidi. Nilimpelekea baba mdogo Marangu, ambaye ametengeneza mbege maisha yake yote kwa ndizi na kimea cha ulezi. Nilimwamkia, nikaifungua, naye akakataa glasi na kuniambia niimimine kwenye kata. Alinusa kwanza, akanywa, akaishikilia mdomoni akitazama migomba, kisha akameza.

"Huu uchungu wameutia gome la mti gani? Msesewe?"

Nilimweleza kwamba huko hawana msesewe, kwamba uchungu ule unatokana na maua ya mmea unaotambaa uitwao hopsi, na mwingine kwenye shayiri iliyokaangwa karibu na kuungua. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza maua hayo huchumwa mwezi gani na hukaushwa juani au kivulini, kisha akanyoosha kata nimiminie iliyobaki.