Risasi ya Jansen na swali la Baba

"Ungemwonea huruma kama angekosa?"

Baba aliniuliza hivyo Jumapili usiku na mpaka leo swali halijanitoka. Nimelala nalo, nimekwenda nalo kazini, nimekaa nalo hata kwenye kikao cha posa ya Salimu, na bado linanichoma.

Tulikuwa tunatazama Le Cercle rouge, ile filamu ya Kifaransa ya Jean-Pierre Melville, ya mwaka 1970, ambayo nimeshawachosha nayo humu. Tulifika pale wezi wanapoingia kwenye duka la vito Place Vendôme, Paris, na kwa karibu nusu saa hakuna anayetamka neno. Jansen, anayechezwa na Yves Montand, aliwahi kuwa polisi, mlenga shabaha hodari, kisha pombe ikamvuruga. Usiku ule anatakiwa kupiga risasi moja tu, iingie kwenye tundu la ufunguo ukutani, upande wa pili wa chumba, king'ora kizimike. Anaifunga bunduki kwenye kiegemeo cha miguu mitatu, anachungulia kwenye darubini, anarekebisha kidogokidogo. Mara anaichomoa, anaishika mwenyewe mikononi, anafyatua. Palepale.

Nilipiga makofi. Nikasema maskini Jansen, juzi tu alikuwa kitandani akiona wadudu wanamtambalia, leo mkono umetulia hivi! Baba, na mnajua ameacha nusu ya umri wake kwenye lindo, hakutikisika. "Unamhurumia kwa sababu kapiga vizuri. Ungemwonea huruma kama angekosa?" Nikamjibu, Baba, hajamuua mtu, kapiga ukuta. "Sawa, mama," akasema, akainuka kwenda kulala, filamu ikiwa bado inaendelea.

Hilo "sawa, mama" ndilo lililoniuma kuliko swali lenyewe. Nimelirudia kichwani kwa kila sauti: amechoka, amekasirika, ameniona mtoto. Jansen nampenda kwa sababu ya ule mkono, siwezi kusema vinginevyo. Katika filamu hii silaha zinapita mkono hadi mkono. Corey, anayeongoza wizi huo, ametoka jela asubuhi, na bastola anaichukua kwenye sefu ya rafiki aliyemgeuka, pamoja na pesa. Jansen peke yake ndiye anayeishughulikia silaha kama fundi, na kumwona fundi akirudiwa na ufundi wake kunanitoa machozi.

Alhamisi asubuhi tukiwa kwenye uji, Baba akaweka kikombe chini. "Zile alizokuwa anayeyusha kwenye moto, zilizobaki alipeleka wapi?"

Sikuelewa mara moja. Kumbe anazungumzia Jansen nyumbani kwake, anapomimina madini kwenye kalibu na kujitengenezea risasi. Mimi pale huwa naona utulivu wa kazi. Baba aliona risasi zisizo na daftari! Akanieleza, mikono yake ikifungua na kufunga bunduki isiyokuwepo mezani: ukikabidhiwa SMG, ile bunduki ya lindo, unasaini, unahesabiwa risasi, ukirudi zamu zinahesabiwa tena, na ikipungua moja hakuna anayekwenda nyumbani. "Huyu alikuwa askari. Sasa anajipikia mwenyewe, hana wa kumrudishia."

Nilifurahi kiasi cha kusahau kuumia. Siku zote hizo naye alikuwa anamfikiria Jansen! Nikamwambia kwamba baadaye Jansen anakataa mgawo wake, anachotaka ni kumshukuru Corey kwa kumpa kazi iliyofukuza wale wadudu, na kwamba mwisho anauawa na polisi. Baba alinyamaza, akaniuliza kama Mattei, yule polisi anayewasaka, alimtambua. Nikasema utaona mwenyewe. Jumamosi tunaimalizia, na nimemwambia Mama asipange wageni.